Haki ya Ndege Wadogo katika Miji Yetu

 

Ndugu msomaji, katika darsa zilizopita tumezungumza juu ya haki ya jirani, haki ya mgeni na haki ya yatima. Leo twataka kuzungumza juu ya haki ya kiumbe ambaye aghalabu hatumtii katika hesabu, naye ni ndege mdogo: chozi, shore, mnana, pugi na wenzao. Hawa walikuwa wakiishi pamoja nasi katika viambo vyetu, na sasa wamepungua hata watoto wetu wengi hawawajui kwa majina. Huenda mtu akacheka akasema: "Umma una mashaka chungu nzima, nanyi mwatuletea maneno ya ndege?" Twamwomba asubiri mpaka mwisho, kwani jambo hili lina kosa letu sisi wenyewe ndani yake, na kosa la mwenye kufundisha ni zito kuliko la mwenye kufundishwa.

TULIYOYAONA MULOT

Tulialikwa na ndugu yetu mmoja, mfanyabiashara, kuhudhuria nikahi ya binti yake katika mji mdogo wa Mulot. Kwa asiyeujua, Mulot upo katika barabara itokayo Narok kwenda Bomet, mpakani pa kaunti hizo mbili. Ni mji wa soko, wakutanapo Wakipsigis na Wamasai kwa biashara ya mahindi na mifugo. Juu yake, upande wa Bomet na Kericho, ndiko kwenye mashamba ya chai yaliyotandikwa vilimani kama busati.

Kando ya mji hupita mto wa Amala. Mto huu na mwenziwe uitwao Nyangores huteremka kutoka msitu wa Mau, kisha hukutana na kuwa mto mmoja, nao ndio Mara. Mara hupita katika mbuga za Maasai Mara na Serengeti, hata ukaingia Ziwa Viktoria karibu na Musoma, katika nchi ya Tanzania. Mwendo wake wote ni kiasi cha kilomita 395. Basi maji yapitayo Mulot asubuhi hunywewa baadaye na watu na wanyama wa nchi mbili.

Siku ya pili, baada ya sala ya alfajiri, tulisikia sauti za ndege wengi kutoka upande wa mtoni, tukamwuliza mwenyeji wetu sababu. Akatuchukua mpaka ukingoni. Tukaona kipande kirefu cha ardhi kilichozungushiwa miiba, na ndani yake miti michanga, mingine yafika magotini na mingine yapita kimo cha mtu, na chini yake majani na vichaka visivyofyekwa. Kina mama na vijana walikuwa wakiteremsha miche kutoka kitaluni, wengine wakichota maji kwa ndoo. Hapana aliyekuwa akilipwa ujira. Walikuwa ni watu wa chama cha watumiaji wa maji. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ndiyo iliyotoa nafasi kwa vyama hivi, ili wakaao kando ya mto wautunze wenyewe, na watu wa Amala na Nyangores wakaipokea kazi hiyo.

Mzee mmoja wa Kikipsigis, jirani wa mwenyeji wetu, alitueleza kwa upole. Alisema kwamba hapo zamani palikuwa na miti ya asili, kisha watu wakalima mpaka kwenye maji yenyewe, na penye nafasi wakapanda mikaratusi. Tukamwuliza: "Je, mkaratusi nao si mti?"

"Shehe," akasema, "mkaratusi umetupa nguzo na kuni, hatuukatai. Lakini mahali pake si ukingoni pa mto. Huyanywa maji, na ndege hupita ndani yake kama msafiri apitavyo mji asio na jamaa."

Akatuonyesha miti waliyoirudisha, akiitaja kwa majina ya kwao: simotwet, ambao ni jamaa ya mkuyu wetu, emitiot, ambao ni mzeituni wa mwituni, tebesuet, silibwet, na mwanzi wa milimani waitao tegat. Juu ya simotwet mmoja mkubwa uliosalia tangu zamani walikuwako shore na kuzumburu wakila matunda, na chozi wakirukaruka katika maua ya kichaka kilicho chini yake.

Tulisimama pale kitambo kirefu bila ya kusema neno, na sababu ya kimya chetu tutaitaja mbele.

SI KILA MTI NI CHAKULA

Kila mwanafunzi wa dini aijua hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas, ya kwamba Muislamu apandapo mti au mmea, kisha mtu au ndege au mnyama akala katika huo, basi huandikiwa kuwa ni sadaka. Twaisoma juu ya mimbari na twaiandika kutani. Lakini ni wachache kati yetu waliotua wakaitazama: hadithi imetaja kupanda, na imetaja kuliwa. Imemtaja mtu, na pamoja naye imemtaja ndege kwa jina lake. Basi mwenye kutaka ukamilifu wa ujira huu hana budi kujiuliza: mti huu niupandao, nani atakula kwao?

Hapa ndipo elimu inapohitajika. Mkaratusi asili yake ni Australia. Uliletwa Kenya mwaka 1902 kwa ajili ya kuni za gari la moshi, na baadaye ukaenea sana katika nchi ya chai, kwa kuwa viwanda hukausha majani ya chai kwa moto, na moto wataka kuni. Hatusemi kwamba hauna faida. Una faida ya nguzo na kuni, na maua yake nyuki huyapenda. Lakini wadudu wa nchi hii hawakuumbwa pamoja nao, kwa hivyo wachache tu ndio wawezao kula majani yake, na penye wadudu wachache ndege wadogo hawawezi kulea.

Jambo hili wengi hawalijui. Mtu humwona chozi akinyonya utamu wa maua, akadhani kwamba huo ndio ulaji wake wote. Humwona mnana akila nafaka, akadhani vivyo hivyo. Ukweli ni kwamba makinda yao, katika siku za mwanzo, huhitaji nyama: viwavi, buibui na wadudu laini. Mama huenda na kurudi mara nyingi kwa siku akiwatafutia. Viwavi hao hukaa juu ya mimea ya asili ya mahali, kila namna na mmea wake aliouzoea. Basi ukiung'oa mmea wa asili ukapanda mgeni, huenda bustani yako ikapendeza machoni, nawe umeinua chakula sinia nzima mbele ya watoto wa ndege.

Utazame nao mkuyu na jamaa zake. Kila namna ya mkuyu ina mdudu wake mdogo, jamaa ya nyigu, aingiaye ndani ya tunda kulichavusha, na bila yeye mti ule hauzai mbegu. Na kwa kuwa mikuyu haizai yote kwa msimu mmoja, ndege hupata chakula humo hata wakati miti mingine imekauka. Kisha ndege akisha kula huruka na kuiangusha mbegu mahali pengine pamoja na kinyesi chake, na mti mpya huota. Yule mzee wa Mulot alituambia kwamba wao hupanda miti michache ya namna hii, na iliyobaki hupandwa na ndege. Basi ndege si mlaji tu, bali naye ni mpandaji, na tumfukuzapo twamfukuza mfanyakazi asiyetaka ujira.

Serikali nayo imelijua jambo hili. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo kando ya mito na chemchemi iondolewe. Na kanuni za Kenya zimeacha kando ya mto ukanda usiolimwa, tangu mita 6 hadi mita 30 kwa kadiri ya mto ulivyo. Lakini amri ya waziri haipandi mti, na kanuni ya karatasini haimwagilii mche. Waliotenda ni wale kina mama wenye ndoo.

KOSA LETU

Sasa twarudi kwenye kimya chetu cha pale mtoni. Twasema haya kwa haya usoni.

Miaka kadhaa iliyopita, katika mtaa mmoja wa mji wetu, palikuwa na mkuyu mkubwa kando ya makaburi. Baadhi ya watu walikuwa wakienda pale usiku kufukiza ubani, kufunga vitambaa vyekundu na kumwaga marashi, wakitaka haja zao kwa wale wanaodaiwa kuwa wakaa mtini. Sisi tulisimama tukakataza. Kukataza kulikuwa haki, wala hata leo haturudi nyuma katika hilo, kwani haja haiombwi ila kwa Mwenyezi Mungu. Lakini katika maneno yetu tuliongeza kwamba mti ule ni heri ukatwe. Vijana waliokuwa wakitusikiliza hawakungoja. Haikupita wiki wakauangusha kwa shoka na msumeno, nasi tulipopata habari tulifurahi.

Je, matokeo yake yalikuwa nini? Wale waliokuwa wakifukiza hawakuacha. Walihamia kwenye mbuyu wa mtaa wa pili, na wengine wakaendelea majumbani mwao. Sisi tulikuwa tumeukata mti, hatukuwafundisha watu. Na wale waliokuwa wakila katika mti ule bila ya kumshirikisha Mungu na chochote, yaani shore na pugi na popo na watoto wa madrasa, ndio walioondokewa. Pale mahali palipokuwa na kivuli pakawa jua kali, kisha pakawa jaa la takataka, na kunguru wakaja. Bibi mmoja wa mtaa ule alitukuta njiani akatuambia: "Shehe, mti ule nikiusikia ukiimba tangu kigori. Sasa nasikia kunguru tu." Tulimjibu kwa hoja, naye akanyamaza kwa adabu. Leo twajua kwamba yeye ndiye aliyekuwa na hoja.

Huenda mwanafunzi akatuhoji: "Je, haikupokewa kwamba Sayyidna Umar aliukata mti wa Baia ya Ridhwani watu walipoanza kuukusudia kwa sala?" Twasema, ndiyo, riwaya hiyo ipo. Lakini iangalie vyema. Kwanza, katika Bukhari imepokewa pia kwamba sahaba wenyewe walirudi mwaka uliofuata wasiujue mti ule ni upi, ndipo wanachuoni wakawa na maneno juu ya mti uliokatwa. Pili, aliyetenda ni kiongozi wa Waislamu, mwenye amri na mwenye kupima maslaha, si vijana waliochemka damu kwa hotuba ya mtu mmoja. Tatu, umma ule ulikuwa umekwisha fundishwa. Sisi tulianza na shoka kabla ya darsa. Na wanachuoni wametufundisha kwamba uovu hauondolewi kwa jambo litakaloleta madhara mengine na hali uovu wenyewe wabaki pale pale.

Na tukumbuke upande wa pili wa sunna. Mtume (s.a.w.) aliutukuza mji wa Madina, akakataza miti yake isikatwe na windo lake lisiwindwe. Abu Dawud amepokea onyo kali juu ya mwenye kukata mkunazi, kisha akaeleza mwenyewe kwamba makusudio yake ni mkunazi wa nyikani ambao msafiri na wanyama hupata kivuli chini yake, mtu akaukata kwa upuuzi na dhuluma bila ya haki. Tazama vile alivyotajwa mnyama pamoja na msafiri. Mti ule wa makaburini ulikuwa na haki za wengi, nasi tulizitoa haki zao kwa neno moja lisilopimwa.

Na katika Abu Dawud vile vile kuna kisa cha sahaba waliokuwa safarini, wakawachukua makinda mawili ya ndege mdogo, mama yao akaja akipapatika juu yao. Mtume (s.a.w.) alipomwona aliuliza ni nani aliyemwumiza ndege huyu kwa watoto wake, akaamuru warudishwe.  Na katika sura ya Al-An'am tumeambiwa kwamba ndege warukao kwa mbawa zao ni umma kama sisi. Umma una makao yake, una chakula chake, na una haki yake mbele ya Mola wake.

KUNGURU NA JAA

Yafaa tumtaje kunguru, kwani katika pwani yetu hadithi ya ndege wadogo haikamiliki bila yeye. Kunguru huyu mwembamba wa mjini, mwenye shingo ya kijivu, asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale takataka, na mwaka 1947 alikwisha onekana Mombasa. Leo yuko katika miji ya pwani kwa maelfu. Huyala mayai na makinda ya ndege wadogo, huwafukuza wakubwa wao, wala hachoki.

Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza azma ya kuwapunguza kunguru milioni 1 kufikia mwisho wa mwaka 2024 kwa sumu maalumu. Kwa upande wa sheria, kunguru ni katika wale watano waliotajwa katika hadithi sahihi kuwa huuawa hata katika Haram kwa sababu ya madhara yao. Basi kupunguzwa kwake hakupingani na dini. Lakini kunguru hakujilisha mwenyewe. Sisi ndio tumlishao kwa majaa yetu. Matumbo ya samaki yatupwayo sokoni, wali wa karamu umwagwao nyuma ya nyumba, mifuko ya takataka irushwayo makaburini usiku: hayo ndiyo malisho yake. Tukimwua leo na jaa likabaki, kesho atarudi. Na tukisafisha jaa tusipande kitu, ndege mdogo hatakuwa na mahali pa kurejea, kwani chozi na mnana wahitaji kichaka cha kujificha.

Ndugu zangu, twatumia fedha nyingi katika karamu zetu, na mwisho wa karamu twawalisha kunguru. Lau sehemu ndogo ya fedha hiyo ingetumika kuzungushia ua makaburi yetu na kupanda humo miti ya kwetu, wafu wetu wangepata kivuli na walio hai wangepata thawabu ziendeleazo.

YALIYOKWISHA TENDWA NA WENZETU

Asiseme mtu kwamba haya hayawezekani mjini au pwani.

Mjini Nairobi, mwaka 1977, marehemu Wangari Maathai na kina mama wenziwe walianza kwa miti saba tu katika bustani ya Kamukunji. Kutokana na saba hiyo likatoka jambo lililojulikana ulimwengu mzima, hata mwaka 2004 akapewa tuzo ya amani ya Nobel. Msitu wa Karura, zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji hilo hilo, ulikuwa karibu kugawanywa viwanja katika miaka ya 1990. Watu waliusimamia, na tangu mwaka 2009 wakaazi wenye kujitolea wamekuwa wakishirikiana na serikali kuulinda, na miti ya kigeni yaondolewa kidogo kidogo ili ya asili irudi.

Hapa kwetu Bamburi palikuwa na machimbo ya mawe ya saruji, ardhi nyeupe isiyo na hata udongo. Mwaka 1971 Bwana Rene Haller alijaribu humo miti ya namna 26, ikaishi mitatu tu, na mmoja wao ni mvinje. Majongoo wakala majani ya mvinje yaliyoanguka, wakafanya udongo, na juu ya udongo huo ikapandwa miti mingine mingi, na ndege wakaja. Tazama, mti wa mvinje wenyewe ulitangulia ili kuifungulia njia miti mingine. Basi hatusemi kwamba kila mti mgeni ni adui. Twasema kila mti ujulikane kazi yake na mahali pake.

Na ndugu zetu wa Gazi na Makongeni, upande wa Kwale, tangu mwaka 2013 wanalinda na kupanda mikoko katika ghuba yao chini ya mpango wa Mikoko Pamoja, na mapato yake wamevuta maji na kusaidia shule. Hawa ni Waislamu wavuvi kama sisi. Hawakungoja tajiri wala mjumbe.

LA KUFANYA

Tusimalize darsa hii kwa kusikitika tu. Twaorodhesha yaliyo katika uwezo wa mtu wa mjini.

Kwanza, tujue miti ya kwetu. Mkunazi: majani yake twaoshea maiti, na matunda yake huliwa na ndege na watoto. Mswaki: vijiti vyake twasukutulia meno kwa kufuata sunna, na matunda yake madogo ni karamu ya ndege. Mkwaju, mbuyu na mkuyu kwa mahali penye nafasi. Mshubiri kwa uwanja mdogo, kwani maua yake chozi huyafuata. Ama mwarobaini, wengi huudhani wa kwetu, nao ulitoka Bara Hindi. Dawa yake twaijua, lakini huenea vichakani na kuisonga miti ya asili, basi usipandwe penye pori.

Pili, tupande kwa madaraja. Mti mrefu peke yake hautoshi. Panahitajika mti, kichaka chini yake, na majani chini ya kichaka. Ndege mdogo hujenga mahali ambapo kunguru na paka hawapenyi kwa urahisi. Basi tusiwe wepesi wa kufyeka kila kona kwa jina la usafi. Usafi ni kuondoa takataka, wala kichaka si takataka.

Tatu, mkuyu usipandwe karibu na kaburi, kisima wala ukuta wa msikiti, kwani mizizi yake huvunja. Uwekwe mbali, mahali pa wazi.

Nne, tupande mwanzo wa masika, mvua ishikapo, kisha tumwagilie wakati wa kiangazi cha kwanza na cha pili. Miche mingi ya sherehe hufa kwa kuwa watu hupiga picha siku ya kupanda wakasahau siku ya kumwagilia. Kule Mulot kila mche ulikuwa na mtu wake ajulikanaye.

Tano, maji ya udhu. Kila msikiti humwaga maji mengi kila siku, nayo ni maji yasiyo na sabuni. Mfereji mmoja mdogo waweza kuyapeleka kwenye miti badala ya njiani yafanyako matope.

Sita, kama mti unaabudiwa, tuanze na darsa. Tuwaendee wale wafanyao hivyo, mmoja mmoja, kwa upole na subira, tuwaondolee khofu na ujinga. Mti hauna dhambi.

MWISHO

Imepokewa katika Musnad ya Imam Ahmad kwamba Kiyama kikisimama na mkononi mwa mmoja wetu mna mche, basi akiweza aupande. Apandaye saa hiyo hatarajii kukaa kivulini wala kula tunda. Hufanya kwa sababu kupanda kwenyewe ni utiifu.

Jamaa wa darsa yetu tumekutana baada ya kurudi Mulot, na tumekubaliana mambo mawili. La kwanza, tulisimama mbele ya watu wa mtaa ule, baada ya sala ya Ijumaa, tukawaambia kwamba tulikosea kusema mti ukatwe. La pili, jaa limezolewa kwa mikono yetu, na masika haya twapanda pale mkunazi na miswaki, na mkuyu mmoja mbali na makaburi. Yule bibi aliyesema nasi njiani amekubali kuutunza mkuyu. Tulimwomba msamaha, akatuambia kwamba yeye hatauona ukizaa. Tukamwambia nasi huenda tusiuone.

Mwenye kutaka kushirikiana nasi na aje na jembe siku ya Jumamosi baada ya alfajiri. Na wakaao mitaa ya mbali waanze kwao.

Twaacha maswali matatu ya kuzungumzwa katika darsa ijayo: Je, ni ndege gani uliokuwa ukiwasikia utotoni ambao leo huwasikii? Je, ni mti gani wa asili uliobaki katika mtaa wako, na ni wa nani? Je, maji ya udhu ya msikiti wako huishia wapi?

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyaharibu, na atuwezeshe kuyatengeneza.

Wabillahi tawfiq.